Mwalimu Aliyepima Mvua

Darasa lake lilinuka udongo mbichi mwaka mzima. Ukiingia tu, upande wa kushoto, ulikuta meza ndefu ya mbao za masanduku, na juu yake kila tulichoagizwa kuleta kutoka majumbani: makopo yenye maharage yaliyoota, fuvu la fisi, mayai ya kware yaliyotobolewa, vitumba vya pamba, na mawe. Mawe mengi kupita kiasi. Mwenye darasa lile hakuamini kwamba mtoto anaweza kufundishwa kitu ambacho hajakishika kwa mkono. Tulimwita Bwana Mwalimu, na wazazi wetu walimwita vivyo hivyo. Mimi mwenyewe ni mwalimu siku nyingi sasa, lakini mtu akilitaja jina hilo namfikiria yeye kwanza.

Sitaki kumsifu, wala sitaki kumsema vibaya. Nimejaribu yote mawili na hakuna lililokaa. Nitasema niliyoyaona tu, kwa sababu ndivyo alivyotuzoesha. "Andika ulichoona," alikuwa akisema. "Usiandike unachotaka." Alilisema kila siku ya Mungu, mpaka watoto wa darasa la kwanza, ambao hata kalamu hawajaijua vizuri, wakawa wanaliimba wakienda kuchota maji.

Shule yenyewe ilikuwa ya matofali mabichi na paa la nyasi, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Shinyanga mjini. Wasichana tulikuwa kumi na mmoja shule nzima. Darasa la nne tulikuwa wawili, mimi na Minza. Tulikaa dawati moja, tukala karanga za mfuko mmoja, na tulizaliwa msimu mmoja wa kuvuna mtama, hivyo mama zetu walivyotuambia. Baba yangu alikuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi. Baba yake Minza alikuwa amekufa, na mama yake alilima vibarua kwenye mashamba ya watu. Wakati ule sikuona kwamba hilo lina maana yoyote.

Kazi ya kwanza aliyotupa ilikuwa ramani. Watu wengine huchora ramani ubaoni, watoto wakainakili, kazi imekwisha. Yeye wapi! Kila mtoto alipewa kamba yenye mafundo, akaambiwa apime njia kutoka mlangoni kwao hadi shuleni. Tulichelewa wiki mbili nzima tukipima. Kisha tukaanza kuijenga nchi yetu sakafuni kwa udongo wa mfinyanzi: vilima, mto, visima, miji, yaani maboma ya watu, majivu ya kuonyesha barabara. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Yupo aliyeuweka mji wao karibu na kisima kwa sababu alikuwa amechoka kutembea. Bwana Mwalimu akaipanda baiskeli yake akaenda kuhakikisha, akarudi jua likizama, akausogeza ule mji kwa kidole, bila neno.

Tena alitaka ramani ionyeshe mifugo. Hapo alikwama. Alikwenda kwa mzee mmoja jirani yetu, akamkuta zizini, akamwamkia vizuri kwa Kisukuma chake cha kuokoteza, halafu akauliza, "Mzee, ng'ombe wako ni wangapi?"

Mzee akamtazama sana. "Unataka kuwanunua?"

"Hapana, mzee. Ni kwa ajili ya watoto. Nataka kuhesabu tu."

"Basi nenda kawahesabu wa kwenu," mzee akasema, akaendelea kukamua.

Tulicheka mwezi mzima. Kwetu mtu hahesabu ng'ombe wake kwa sauti, wala hahesabu watoto wake mbele ya watu. Ni kuwatafutia balaa. Hilo kila mtoto analijua kabla hajaota meno. Yeye alikuwa mtu wa kuja. Wengine walisema ametoka Tabora, wengine Ujiji, na tulipomuuliza alijibu kwamba ametoka nyumbani kwake na amekunywa chai. Aliandika maneno yetu ya Kisukuma kwenye kidaftari, lakini ile hofu ya kuhesabiwa hakuiandika. Aliiona upuuzi. Alikuwa mwenye akili sana na alikuwa mpumbavu kwa jambo hilo moja.

Nyumbani kwake ilikuwa hivyohivyo. Mkewe, Mama Rehema, alikuwa na mdomo, na tulipokwenda kumsaidia kutwanga alitumwagia yote. "Huyu bwana wenu anapima chumvi! Jana kanipimia kuni. Siku akitaka kunikumbatia atachukua kwanza kamba yake ya mafundo." Alisema hivyo mumewe akiwa palepale barazani, na mumewe akacheka kwa kujificha nyuma ya daftari. Alimwogopa mkewe kidogo. Pia alimwogopa chura, na hilo alilificha vibaya. Tulipoletewa somo la chura alilifundisha akiwa amesimama nje ya dirisha.

Saa yake ya mfukoni ilikuwa inasimama kila siku. Tulichomeka kijiti uwanjani tukawa tunaandika kivuli chake, na yeye akawa anairekebisha saa kwa kivuli. Kuna siku kivuli na saa vilipishana sana, akatutangazia kwamba kijiti kimepinda. Kilikuwa kimenyooka. Sote tuliona, na hakuna aliyethubutu kuandika alichoona.

Fimbo alikuwa nayo. Hakupiga kwa kosa la hesabu wala kwa kuchelewa. Alipiga kwa uongo, na alipiga sawasawa. Ukimwambia ukweli, hata uwe umechoma jiko la shule, alikuacha. Ndiyo maana wazazi walimwamini. Baba yangu aliwahi kusema mbele ya baraza kwamba mtu yule hata ukimpa kichwa cha mtu akutunzie, utakikuta.

Katika kazi zote, ile ya maharage ndiyo ninayoifanya hadi leo na watoto wangu. Kila mmoja alipewa makopo matatu: moja likae juani na maji, moja kabatini na maji, la tatu lisipate maji kabisa. Tuliandika kila asubuhi. Kopo la tatu la Minza likaota. Bwana Mwalimu akalitazama, akamwita.

"Minza, hili lilimwagiwa maji."

"Ndiyo, Bwana Mwalimu. Niliyaonea huruma."

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Jaribio umeliharibu," akasema, "lakini maharage yanakushukuru." Akamwacha akae. Minza alikuwa hodari wa hesabu kuliko sisi wote, wavulana wakiwemo, ila alikuwa na tabia hiyo ya kuonea vitu huruma, na alikuwa hajali unadhifu. Mimi nilikuwa nadhifu.

Kisha kikaja kipimo cha mvua. Bwana Shamba alikileta kwa gari, kwa sababu shule zilizokuwa na mwalimu makini zilipewa. Kilikuwa kopo la shaba lililochimbiwa ardhini, ndani yake chupa, juu yake faneli ya kuingizia maji, na pembeni glasi ndefu yenye mistari ya kupimia. Kikazungushiwa ua wa miti wenye mlango na kufuli. Bwana Mwalimu hakulala kwa furaha, mkewe alituambia. Alichagua watoto wawili tu wa kukishughulikia, akatuchagua sisi wasichana, maana wavulana aliwaona wana mikono mizito. Wiki moja yangu, wiki moja ya Minza. Saa tatu asubuhi mwenye zamu anafungua kufuli, anatoa chupa, anamimina kwenye glasi, anasoma mstari, anaandika kwenye daftari la mvua, kisha anaifuta faneli na kukifunga kitambaa chake kwenye mti wa ua. Ufunguo tuliuficha kwenye kopo moja la dirishani, na tuliopajua ni mimi na Minza tu.

Mwaka uleule mvua ikagoma. Tulipanda, tukapanda tena. Mawingu yalikuja kutoka upande wa Ziwa kila alasiri, meusi, yanatia moyo, kisha yakaondoka. Kwenye daftari la mvua tuliandika sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa mzima. Ng'ombe wakaanza kulala chini mchana. Bwana Mwalimu alitufundisha jinsi upepo unavyobeba mvuke, akachemsha maji darasani, akatushikisha matone kwenye kifuniko cha sufuria. Nilielewa kila kitu. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilielewa.

Watu nao wakaanza kusema. Mvua ilinyesha vizuri miaka yote, mpaka ilipoanza kuhesabiwa. Mawingu yakifika juu ya shule yanageuka. Chupa ile inayanywa. Mvua gani itakubali mtu aikalie chini kila asubuhi na kuihesabu matone? Wanawake wakawa wanapita mbali na ua wetu. Wazee wawili wakaenda kumwomba Bwana Mwalimu akiondoe, akawakalisha, akawachemshia maji, akawashikisha matone kwenye kifuniko. Walimshukuru, wakaondoka, wakaenda moja kwa moja kwa mtemi.

Baba alirudi kutoka kwa mtemi siku ya Jumamosi. Alikaa kwenye kigoda chake akaniita.

"Ile chupa inafunguliwaje?"

"Kwa juu, baba. Unatoa faneli kwanza."

"Na ufunguo?"

"Zamu hii ni ya Minza."

"Sikuuliza zamu ya nani."

Nikamwambia ulipo. Akatazama zizi kwa muda. "Mimi siwezi kuonekana pale," akasema. "Mwalimu ni mtu wangu, na serikali itaniuliza. Lakini watu wanaweza kuchoma shule nzima. Heri iende chupa. Kesho Jumapili hakuna mtu, mwalimu anakwenda mjini. Wewe unapajua."

Mtu atasema nilikuwa mtoto, na baba ni baba. Ni kweli. Lakini lipo jambo jingine. Mwisho wa muhula ule Bwana Mwalimu alikuwa atoe jina la msichana mmoja wa kwenda darasa la tano, shule ya bweni. Nafasi ilikuwa moja. Sote tulijua ni ya Minza. Zamu ya wiki ile ilikuwa ya Minza. Sikulifikiria hilo nilipokuwa naenda. Au nililifikiria. Nimejiuliza mara nyingi, na kila nikijiuliza napakuta mahali penye ganzi, sipati jibu.

Jumapili mchana nilifungua ua, nikatoa chupa, nikaipiga jiweni pamoja na ile glasi. Zilivunjika kirahisi. Nikarudisha ufunguo mahali pake nikaenda kisimani, nikateka maji kama siku zote.

Jumatatu alitusimamisha darasa zima. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Nani?"

Tukatazama sakafu.

"Ufunguo ulikuwa kwa nani?"

Minza akanyoosha mkono. "Kwangu, Bwana Mwalimu. Lakini sikuvunja."

"Unauweka wapi?"

"Kwenye kopo la dirishani."

"Na nani mwingine anajua?"

Minza akageuka kunitazama. Alinitazama kwa muda wa kutosha, macho kwa macho, tukiwa dawati moja, mabega yanagusana. Nilijua kwamba amejua. Nilingoja aseme. Akamgeukia mwalimu akasema, "Watu wengi, Bwana Mwalimu. Kopo liko wazi."

Alinionea huruma. Mimi nilikaa kimya. Sikutetemeka, sikulia, sikuhisi kitu chochote, na hicho kitu cha kutohisi hakijanitoka tangu asubuhi ile.

"Kifaa kilikuwa mikononi mwako," Bwana Mwalimu akasema. "Kimevunjika. Jina lako halitakwenda." Akafungua daftari la mvua, akaandika jina la Minza, akalifunga. Hakumpiga. Minza akakaa.

Alhamisi mvua ikanyesha. Ilinyesha tukiwa darasani, kubwa, ikapenya nyasi za paa na kulowesha meza ya mawe. Nje wanawake walipiga vigelegele, ng'ombe wakalia. Bwana Mwalimu alisimama mlangoni, akanyoosha mkono nje, akauacha hapo mpaka shati likalowa hadi begani. Kesho yake daftari halikuandikwa kitu. Baba alichinja mbuzi, na kuanzia siku hiyo watu walimheshimu zaidi, ingawa hakuna aliyesema kwa nini.

Darasa la tano nilikwenda mimi. Minza aliolewa kabla sijamaliza darasa la sita.

Wala Bwana Mwalimu hakuniacha. Hilo ndilo linalonichanganya. Kila likizo alinitaka niende kumsomea nilichofundishwa. Alinipa vitabu vyake, akaniandikia barua nilipoingia chuo cha ualimu, barua ndefu za namna ya kufundisha watoto kipimo bila rula. Mama Rehema alinishonea gauni. Nilipofaulu na kupangiwa shule ileile ya kwetu, Bwana Mwalimu alikuwa amekwishahamishwa, na muda si mrefu nikasikia ameacha kabisa ualimu, ameingia machimbo ya dhahabu huko Geita. Watu walishangaa. Mimi sikushangaa. Siku hizo nilikuwa sishangai mambo.

Nafasi ya kumwambia niliipata mara nyingi, na kila mara nilikuwa na sababu. Nilikwenda kumwambia nilipokwisha kukosa sababu.

Nilimkuta huko Geita, mtaa wa Kalangalala, kwenye chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi wa machimbo, Jumapili mchana. Alikuwa amekonda na anakohoa vumbi. Mama Rehema alinipokea mzigo, akanitania kwamba nimenenepa kama mke wa tajiri, kisha akatoka kwenda sokoni akatuacha.

"Shikamoo, Bwana Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Darasa una watoto wangapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa akaona ni wengi. Aliniambia kazi yake ni kuandika majina ya wanaoshuka shimoni na majina ya wanaopanda. "Jioni lazima yalingane," akasema.

"Na yasipolingana?"

"Tunasubiri."

Tukanywa chai. Alitaka kujua kama bado naotesha maharage, nikamwambia ndiyo. Kisha nikaweka kikombe chini.

"Bwana Mwalimu, ile chupa niliivunja mimi."

"Ya mvua."

"Ya mvua."

"Najua," akasema.

Nilidhani sikumsikia. Akarudia, taratibu, kama anayesoma mahudhurio. "Najua tangu Jumatatu ileile. Nilikwenda uani kabla ya kengele. Chupa imevunjwa, lakini faneli imefutwa, imerudishwa mahali pake, na kitambaa cha kuifutia kimefungwa kwenye mti kwa fundo. Minza hakuwahi kukifunga kitambaa kile hata siku moja. Nilimsema mpaka nikachoka. Aliyekuwa anakifunga ni wewe."

Sikukumbuka kabisa kukifunga. Mikono yangu ilifanya yenyewe.

"Ukaandika jina la Minza," nikasema.

"Nikaandika jina la Minza." Alikohoa, akajifuta mdomo. "Baba yako alikuwa mwanangwa. Ningekuondoa wewe, kesho yake angewatoa wasichana wote kumi na mmoja, na wazazi wengine wangemfuata. Shule ingekufa. Mama yake Minza hata angemtoa wake, hakuna mzazi ambaye angemfuata. Nilipiga hesabu."

"Hesabu."

"Ilikuwa sahihi," akasema. "Nimeirudia mara nyingi sana, na kila nikiirudia inatoka vilevile." Alikuwa akiitazama mikono yake. "Baada ya hapo sikuweza tena kumpiga mtoto kwa uongo. Na mwalimu asiyeweza hilo wanafunzi wanamjua. Nikaja huku."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa nimesafiri siku mbili, nikijua atanilaumu au atanisamehe, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Nilitafuta hasira moyoni, nikakosa. Tulikaa tu, watu wawili tuliokuwa tukijua kitu kimoja miaka yote, kila mmoja kivyake.

"Minza yupo?" akauliza mwisho.

"Yupo. Ameolewa palepale kijijini. Mtoto wake wa kwanza nimempokea darasa la kwanza mwaka huu."

"Alimleta mwenyewe?"

"Alimleta mwenyewe. Alisimama mlangoni mpaka nikamwona. Kisha akapiga goti, Bwana Mwalimu, yeye niliyezaliwa naye msimu mmoja, akaniambia, Shikamoo, mwalimu."

Nje watu wa zamu ya mchana walikuwa wanapita kuelekea shimoni, wanaongea.

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nikamwitikia," nikasema. "Marahaba."